Lorna Vondra, Karani wa Mtaa wa Tatu

Ndugu, jamaa na majirani, nasoma maisha ya mama yetu kwa niaba ya familia, na sitarefusha, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kuwakalisha watu kwenye viti vigumu.

Lorna Mae Vondra alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 katika shamba la mahindi nje ya mji wetu wa Tilden Creek, Nebraska, mtoto wa nne wa Emil na Agnes Kudrna, akamaliza sekondari mwaka 1962, akajifunza kupiga chapa, na tarehe 3 Juni 1967 akafunga ndoa na baba yetu, Leland, wakajaliwa watoto watatu, mimi Janelle, Curtis na Roy, kabla ugonjwa wa moyo haujamchukua baba mwaka 1978.

Mwaka huohuo aliajiriwa kuwa karani wa dirishani katika mahakama ya jimbo, Mtaa wa Tatu, na ng'ambo ya mtaa ipo mahakama ya shirikisho, na kila siku watu waliingia mlango usio wao, maana talaka, mirathi na ugomvi wa mipaka ni vya jimbo, kufilisika na kuishtaki serikali ya Washington ni vya ng'ambo, na zipo kesi zinazoweza kuanzia mlango wowote, sasa mkulima atajuaje. Mkuu wake, Bwana Harlan Peck, alishika kanuni kwamba karani hatoi ushauri wa sheria, hata kwa kunyoosha kidole.

Tarehe 14 Novemba 1983, saa kumi na robo jioni, alifika Bi Ardith Pohl na magongo, aliyevunjwa mguu na gari la idara ya serikali ya shirikisho, na siku hiyo ilikuwa ya mwisho kufungua kesi. Lingekuwa gari la maziwa, karatasi zake zingepokelewa palepale, lakini kwa gari lile mahakama ya jimbo haikuwa na mamlaka, kesi ingetupwa na haki yake ingekufa. Mama akavaa koti, akasema, "Kukushauri siwezi, dada, ila naenda kununua kahawa ng'ambo, ukinifuata ni miguu yako." Bi Ardith akajibu, "Miguu ipi? Ninao mmoja!" Mama akambebea mkoba, wakavuka, na muhuri ukagongwa dakika sita kabla ya kufunga.

Kesho yake Bwana Peck alimwambia, "Lorna, mahakama ya ng'ambo haiuzi kahawa," akampa barua ya onyo, ya pili ingekuwa ya kufukuzwa, na mama, mjane mwenye watoto watatu, alituambia tuvae viatu vya mwaka jana mpaka ijulikane kama kazi bado anayo. Hakuacha kuvuka na watu. Kahawa yenyewe hakuinywa, alikunywa chai.

Mwaka 1993 Bwana Peck, akiwa amestaafu, alitaka kupinga uamuzi wa serikali ya shirikisho kuhusu malipo yake ya ulemavu, na ingawa njia aliijua vizuri, alikuja kwanza dirishani, akasimama, akauliza, "Lorna, leo hunywi kahawa?" Mama akachukua koti.

Alistaafu mwaka 2008. Tarehe 20 Januari 2021 alikutwa na kansa ya kongosho, akafariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Mei, akiwa na miaka sabini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea vyakula, Bi Ardith aliyeoka kolache za leo, vile vimkate vitamu vya matunda, makarani wa pande zote mbili za mtaa, na Bwana Peck, aliyeomba kiti chake cha magurudumu kisukumwe nyuma ya jeneza tutakapovuka Mtaa wa Tatu kwenda makaburini.

Mama, safari hii tunakuvusha sisi. Pumzika kwa amani.