Namba Saba kwenye Daftari la Raheli

Kwa niaba ya ukoo wa marehemu mzee Cleopa Mathias wa Berega, mimi Yunis, mdogo wake marehemu, nasimama mbele yenu kuwasomea maisha ya dada yangu Raheli, na kabla sijaanza nawaomba radhi, kwa sababu karatasi niliyopewa jana na kamati ya mazishi ninayo kwenye mkoba, na hii ninayoisoma ni nyingine, nimeiandika mwenyewe asubuhi ya leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, nikiwa na hasira ambayo sina sababu ya kuificha.

Raheli alizaliwa Berega tarehe 12 Machi 1971, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba yetu Cleopa na mama yetu Magreti, wa kwanza akiwa kaka yetu Alex, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati niliyoitaja. Alibatizwa na kupata kipaimara hapo hapo Berega, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akaendelea na sekondari Kilosa mjini hadi mwaka 1989, kisha akaenda Morogoro kusomea uhazili, akahitimu Novemba 1991 akiwa anapiga taipureta bila kutazama vidole, jambo ambalo baba alilisimulia kijijini mpaka watu wakaanza kumkwepa njiani.

Januari 1992 aliajiriwa Kilosa kuwa mpiga chapa, akaitumikia kazi hiyo hadi Juni 2003 alipopunguzwa, na Februari 2004 akahamia hapa Mikumi, akafungua duka la steshenari kando ya barabara kuu, jirani na maegesho ya malori. Kwa miaka ishirini na moja hakuna barua ya kazi, kadi ya harusi wala msiba wa eneo hili ambao karatasi zake hazikupita mikononi mwake, na wengi mliokaa hapa aliwapigia chapa historia za wazazi wenu, akawasahihishia tarehe, akawakumbusha hata majina ya ndugu mliowasahau.

Tarehe 7 Oktoba 1995 alifunga ndoa takatifu Kilosa na shemeji yetu Goodluck, dereva wa malori, na tarehe 19 Agosti 1998 Mungu akawajalia mapacha, Kulwa na Doto, ambao mnawaona hapa mbele. Shemeji alitangulia mbele za haki tarehe 3 Mei 2012, na hapo ndipo karatasi ya kamati inaporuka, inatoka kwenye kifo cha shemeji inatua kwenye ugonjwa wa figo, katikati pana mstari mmoja tu unaosema kwamba marehemu alijishughulisha na biashara ndogondogo na alikuwa mcheshi, kana kwamba dada yangu alikaa miaka yote hiyo akicheka na kusubiri kuugua.

Sasa naujaza huo mstari. Februari 2019 alifariki mzee Samwel, mkulima, jirani yetu, na watoto wake wakaleta historia yake ipigwe chapa, Raheli akaisoma, akawauliza mashairi ya mzee wameyaweka wapi, maana kila mwezi mzee huyo alikuwa akinunua daftari kwake na kumsomea palepale kaunta alichoandika. Wakamjibu kwamba wazee wameshauri hayo yaachwe, kwani hayana heshima kusomwa msibani, na madaftari yenyewe, kumi na moja kwa idadi, yalikuwa yamekwisha kutumika kuwashia moto wa kuwapikia waombolezaji. Dada yangu alipiga chapa kama alivyoagizwa, na hakujisamehe kamwe, aliniambia kwamba siku ile na yeye alitia kuni.

Ndiyo maana Jumamosi tarehe 6 Aprili 2019, saa kumi alasiri, aliweka spika na kipaza sauti mbele ya duka, akaweka na daftari na kalamu, ili mtu asomwe angali hai, tena ajisome mwenyewe. Kanuni zilikuwa chache, anayejiandikisha kwanza husoma kwanza, kila mtu ana dakika tano kwa saa ya mezani, hakuna kupitishwa mbele, na hakuna mgeni rasmi. Monica, muuza vitunguu, aliyekuwa akiogopa hata kuombea chakula mbele ya watu, alisoma shairi la tembo walioingia shambani kwake, na Jumamosi iliyofuata watu walipanda basi kutoka Kilosa kuja kumsikia, Mathayo fundi pancha akaimba akiwa bado na grisi mikononi, madereva waendao Iringa wakaanza kupanga safari zao ili wapumzike hapa Jumamosi, na wale waliokuwa wakiandika kwa kujificha, kila mmoja akidhani ni mgonjwa peke yake, wakajikuta wako zaidi ya arobaini.

Na sisi tulifanya nini? Wapo waliouita mkusanyiko huo wa kila Jumamosi uhuni, wapo waliohamisha biashara zao kwenda duka jingine, na Machi 2022 ofisi moja, ambayo haina haja ya kutajwa kwa kuwa inajijua, ilimfungia kwa miezi mitano ikidai kibali, kisha Agosti wageni wake walipokuja, ofisi hiyohiyo ikawachukua hao hao wasanii, ikawasimamisha juani tangu asubuhi bila maji, ikawatambulisha kuwa ni kikundi chake. Katika miezi hiyo mitano watu waliingia dukani mmoja mmoja wakijifanya wanatoa fotokopi, wakamsomea Raheli mashairi yao huku mashine ikinguruma. Kiongozi mmoja alituma ujumbe kwamba atafika na angependa kufungua shughuli, akajibiwa kwamba anakaribishwa sana, ni namba kumi na moja, akageuza gari, na leo yupo hapa kwenye kiti cha mbele, karibu sana mheshimiwa. Na mimi ninayewasema wengine nilihudhuria mara mbili tu katika miaka sita, nikakaa nyuma, nikiona aibu kwamba watu watajua ni dada yangu.

Kaka Alex, nakuheshimu, na shikamoo yako nilikupa asubuhi, lakini jana ulipofuta kwa kalamu mistari kama hii niliyoiongeza kwenye karatasi ya kamati na kuniambia, “Yunis, soma kilichoandikwa, usitutie aibu mbele ya viongozi,” ulikuwa unachochea jiko lile lile lililounguza madaftari ya mzee Samwel, na mimi sitii kuni.

Dada yetu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo Septemba 2023, akalazwa Morogoro mara nne, na akaaga dunia Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliompikia uji, madereva waliombeba bila kumdai nauli, wapiga chapa wenzake, na watu wa Jumamosi, ambao kamati imewapanga wakae nyuma ya turubai.

Jumamosi iliyopita, tarehe 7, alibebwa kwenye kiti hadi dukani, na kwa mara ya kwanza tangu aanze, akaandika jina lake kwenye daftari la zamu kwa ajili ya Jumamosi ya leo. Kulwa alimuuliza atasoma nini, akajibu, “Mtasikia,” na tumepekua kila karatasi ya duka hatukukuta kitu. Daftari ninalo hapa, yeye ni namba saba, na kwa kuwa hakuruhusu mtu kupitishwa mbele, hata yeye mwenyewe, wale sita waliomtangulia watoke nyuma ya turubai waje wasome, dakika tano kila mmoja, na ikifika zamu yake nitaweka kipaza sauti na saa ya mezani juu ya jeneza, tutanyamaza dakika tano zake zote, ndipo zifuate salamu za viongozi, ambao nimewaandika kuanzia namba nane.

Pumzika kwa amani, dada Raheli, daftari liko wazi.