Cherono na Sauti ya Kooni

Kando ya Ladypool Road, katika jiji moja la Waingereza, mbele ya duka la kahawa la Pallavi, pana benchi ambalo kahawa yake hainyweki bila ubishi. Jumamosi hiyo Kibet alikuwa amekaa ukingoni, akiigeuzageuza simu mkononi. Mama yake alikuwa karibu kupiga kutoka Kericho, na binti yake wa miaka mitatu, anayezungumza Kiebrania na mamake Noa, angeulizwa jina alilochaguliwa na nyanya huyo: Cherono. Mtoto alikuwa akisema Cheyono. Kibet aliona kana kwamba zawadi ya mama yake imevunjikia mikononi mwake.

— Shida ni baridi, alisema Otieno, mhudumu wa wazee ambaye kijiwe kilimbandika jina la Daktari. Ulimi ukiganda, "r" inahamia kooni, kwenye joto!

— Daktari, kwani kwao Noa, Israeli, kuna baridi gani? alicheka Charanjit, fundi wa magari, mzaliwa wa Kisumu. Mlete mtoto gereji. Asikie injini ya lori asubuhi na jioni. Wiki moja tu, atanguruma!

— Na moshi atatoa? aliuliza Otieno.

— Mimi nilifunzwa na trekta ya baba!

— Ndiyo maana huzimiki.

Kibet hakucheka.

— Ndugu zangu, nikimwambia arudie, analia.

Noa akafika, mtoto kiunoni. Alipoelezwa mjadala, akatabasamu.

— Kwetu "r" hutoka kooni, si kwenye ncha ya ulimi, alisema kwa Kiswahili alichofunzwa na mumewe. Watoto wengi huiruka kwanza, au huweka "y". Halafu siku moja inakuja.

— Inakuja na basi namba ngapi? aliuliza Otieno.

Simu ikalia. Uso wa nyanya ukajaa kwenye kioo.

— Waitwa nani, mama?

— Cheyono! mtoto akajibu kwa fahari.

Kibet akafumba macho. Kilichomfikia kilikuwa kicheko kirefu, chenye furaha tupu.

— Ni wewe mtupu, Kibet! Hata shule ulianza ukimwita dada yako Cheyotich.

— Mimi, Mama?

— Wewe. Hebu niambie, nani alikufundisha kusema vizuri?

Kibet akamtazama Otieno. Otieno akamtazama Charanjit. Charanjit, mwana wa trekta, akainua kikombe chake ajifiche nyuma yake, akanywa na kunywa, ingawa kahawa ilikuwa imekwisha zamani.