Ngamia wa Abdisamad Hafunguki

Benchi hili ni langu mimi, Sadiyo, na kahawa ya tangawizi inayonywewa juu yake ni yangu pia. Liko karibu na soko la mifugo hapa Garissa, na anayelikalia bila kunywa namwinua, hata awe chifu. Saa nne asubuhi huwa wameshafika: Siyad, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi kortini mara moja tu, Mwalimu Morris wa kemia, mtu wa Bungoma, ambaye shule zikifungwa hana pengine pa kwenda, na Abdisamad, anayeuza ngamia kwa tovuti aliyoitengeneza mwenyewe. Jumanne ile Abdisamad alikuja amenuna, hata salamu akaitoa nusu.

— Kuna nini, walaal, ndugu yangu? nikamuuliza.

— Soko la mtandaoni la Nairobi limenipigia. Wanataka nifunge tovuti yangu, niweke ngamia zangu kwao. Saa tano wanapiga tena, wanataka jibu.

— Kataa! akasema Wakili.

— Nikatae nile nini? Wameelewana na kampuni ya simu. Soko lao linafunguka bure, hata kama huna bando. Yangu mtu akifungua picha tatu, bando kwisha. Mwezi mzima huu sijapigiwa na mteja hata mmoja.

Nikamwongezea kahawa bila kuombwa. Ile tovuti ilimchukua mwaka mzima, na roho iliniuma.

— Jana redioni walibishana juu ya hiyo, Morris akasema. Wengine wanataka iwe sheria: kampuni ya simu itendee tovuti zote sawa.

— Sheria tamu hiyo!

— Ngoja, Wakili. Kampuni ikizuiwa kutafuta faida yake inavyotaka, mnara wa kule vijijini atajenga nani? Kuna biashara zitakosa mtandao kabisa.

— Mwalimu, mimi ni mtu ya Wajir, nimekulia kisimani. Mwenye alichimba ananywesha kwanza, hiyo sawa. Wengine wanafuata zamu. Lakini zamu haiuzwi! Umesikia wapi tajiri amelipa ndio ngamia yangu ikae na kiu?

— Maji ya pampu si mnalipia?

— Tunalipa wote sawa! Na usinikimbize. Haraka haraka haina baraka.

— Methali hiyo inaingiaje hapa? nikauliza.

— Hiyo inaingia popote. Tena mimi naona shida ni ngamia yenyewe. Ngamia ni mnyama mzito. Picha yake itakulaje bando sawa na picha ya mbuzi?

Nikamgeukia Morris amkosoe. Wapi! Mwalimu akatoa kalamu.

— Kuna jambo hapo. Ngamia ana miguu mirefu, kwa hiyo picha inakuwa ndefu. Sasa ukimpiga picha akiwa amepiga magoti...

— Bando nusu! Wakili akaruka. Na unajua nani amelipa tusionekane? Wenye kuku! Nairobi ikiona ngamia bure, nani atakula kuku tena? Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

— Nani ainame, kuku au ngamia? nikauliza.

— Mnacheka na biashara yangu inakufa, Abdisamad akalalamika. Lakini nilimwona akitafuta kwenye simu yake kama ana picha ya ngamia aliyepiga magoti.

Hapo akatokea mzee mwenye fimbo, viatu vimejaa vumbi. Akatoa salamu, tukaitikia. Alisema anaitwa Alio, ametoka Kotile, huku huku kaunti yetu ya Garissa. Akatuonyesha simu yake.

— Wanangu, natafuta mwenye hii dume. Nimeiona kwa lile soko ya bure. Nikapiga Nairobi, Nairobi ikanipa dalali, dalali ananizungusha tangu jana. Mimi nataka kushika nundu tu kabla ya kununua.

Abdisamad akaichukua ile simu. Kwenye shavu la ngamia palikuwa na alama ya moto, mistari miwili na duara.

— Adeer, mzee wangu, hii ni alama ya babu yangu. Ngamia ni wangu. Dalali alimpiga picha wiki jana, mimi nikadhani anamsifia tu.

— Iko wapi?

— Zizini, nyuma ya haya maduka.

Mzee akatutazama mmoja mmoja, kwa upole kabisa.

— Ngamia iko hapa. Mwenyewe iko hapa. Mimi natoka Kotile. Sasa Nairobi ilikuwa ya kazi gani?

Morris akarudisha kalamu mfukoni. Mimi nikammiminia mzee kahawa iliyobaki. Akainywa amesimama, kisha akaondoka na Abdisamad wameshikana mikono.

Abdisamad alisahau simu yake kwenye benchi. Saa tano kamili ikaanza kulia. Nairobi hao.

— Pokea, Wakili, Morris akanong'ona.

— Mimi? Nitawaambia nini? Pokea wewe uliyesoma.

Ikalia ikanyamaza, ikalia tena. Kahawa ilikuwa imekwisha na mimi sina subira bila kahawa. Nikaipokea.

— Mwenyewe yuko na mteja, nikasema, nikakata.