Usukani Uliokuwa Unalia

Tangu tutoke Bariadi, kila kona aliyokata dereva wa mchomoko, gari dogo la abiria tulilopanda, usukani ulilia kama ndama aliyetenganishwa na mama yake. Mimi nilikaa nyuma. Mbele alikaa mama mmoja aliyekuwa anakwenda Lamadi kununua dagaa.

"Mwanangu, kinacholia ni nini?"

"Hewa tu, mama. Jana nilibadilisha oili ya usukani nyumbani. Ukishaweka mpya, unainua matairi ya mbele, unazungusha usukani kushoto na kulia mpaka mapovu yaishe."

"Yakaisha?"

"Nilikuwa chini ya gari na kaptula, naangalia kama panavuja, mke wangu anazungusha. Mara mama mkwe akaingia uani. Sasa mkwe anikute vile? Nikakimbilia nyuma ya nyumba."

"Na mapovu?"

"Yataisha yenyewe njiani."

Adabu kubwa hiyo, niliwaza, huku nimeng'ang'ania kiti kwa mikono miwili.

Tukaanza kushuka mteremko. Usukani ukalia zaidi. Mama akashika mlango.

"Huyo mkwe wako amerudije kwao?"

"Asubuhi nilimpandisha basi."

"Mkwe basi, sisi hili? Simamisha gari."

Liliposimama, mimi ndiye niliyetangulia kushuka.