Mama Mazengo na Kibaraza Kilichokaguliwa Mara Saba

Inatangazwa kwa watumishi wote, wa kudumu na wa mkataba, pamoja na walinzi wa getini, kwamba kibaraza cha mbele cha nyumba ya Hosea wa masijala, kilichopo Unyambwa, chenye urefu wa mita nne na upana wa mita mbili na sentimita arobaini, ni kibaraza halali. Kina kibali. Kina michoro yenye muhuri. Mwenye kutaka kuhakiki aje, ila aje na vitafunwa.

Tangazo linatolewa leo kwa sababu aliyekihalalisha anaondoka. Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Loyce Mazengo, fundi sanifu wa majengo, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Mimi, Hosea mwenyewe, nimefanya kazi chumba cha pili kutoka chake kwa miaka kumi na tisa, na tangu aanze kufungasha vitu vyake sipendi kupita kwenye korido ile.

Aliajiriwa mwaka 1991 na kupelekwa Rungwa kusimamia ujenzi wa nyumba ya mwalimu. Alilala darasani wiki sita. Wenyeji walimletea asali kila siku, hadi akawaomba kwa heshima wamletee na chumvi. Aliporudi mjini alikuwa na futi kamba ya chuma ambayo hajawahi kumwazima mtu. Ukimwomba anakuuliza unapima nini, halafu anakuja kupima mwenyewe.

Kazi tutakayomkumbuka nayo zaidi ni Jumanne ya Vibaraza. Sisi watu wa hapa nyumba tunaijenga kwa kibali, kibaraza tunakijenga kwa hamu. Mabati yamebaki sita, fundi bado yupo, basi. Miaka inapita, mtu anahitaji karatasi za nyumba yake, anakuta nusu ya anapokaa haimo kwenye ramani. Wengine walikuwa wanavunja kwa woga. Mama Mazengo akatenga siku moja kila wiki kwa watu wa namna hiyo: anakuja kupima, anachora kilichopo, kibovu kinarekebishwa, unaomba kibali kama mtu mwingine. Vibaraza mia nne na kumi na viwili vimepita mikononi mwake. Changu ndicho kilichomtoa jasho.

Mwaka 2017 mama yangu, Raheli, alipata kiharusi, nikamtoa Iguguno nikamleta kwangu. Ndani hakukaliki kwake. Alisema nimemleta mjini kuangalia ukuta, na kwamba atarudi kwake hata kwa kutambaa. Huko angekuwa peke yake. Nikajenga kibaraza kwa wiki mbili, mimi ambaye fomu za vibali zinapita mikononi mwangu kila siku. Mama Mazengo alikuja kumjulia hali mgonjwa, akanywa chai, na wakati wa kuaga akaegemea nguzo. Nguzo ikasogea. Akaniaga kwa upole. Kwa anayemjua, hapo ndipo pa kuogopa.

Barua yake ya zuio la ujenzi ilifika masijala Jumatatu asubuhi. Niliipokea, nikaisajili, nikaifungulia jalada, nikaipa namba, kisha nikaikabidhi kwa mhusika, yaani nikaivusha upande wa pili wa meza yangu.

Nilinunua mchoro kwa kijana wa duka la kuchapa. Nilikuja kugundua baadaye kuwa ulikuwa mchoro wa kibaraza cha mtu mwingine, limebadilishwa jina tu, na ulikuwa na nguzo nne. Changu kilikuwa na tatu. Mtu mwenye akili angeurekebisha mchoro. Mimi nilimwita fundi Filipo aongeze nguzo. Akaisimamisha juu ya sakafu, bila msingi, kwa nusu siku. Mama Mazengo alipokuja aliigonga kwa kidole akauliza, "Baba Aneth, hii nguzo imebeba bati, au bati ndilo limeibeba?"

Mama yangu akacheka, kwa mara ya kwanza tangu augue. "Mwambie, mwanangu," alimhimiza Mama Mazengo. "Huyu tangu mdogo anabandika tu."

Bati likashuka, msingi ukachimbwa, mchoro ukaanza upya. Mimi sikuulizwa neno. Aliulizwa mama: upepo unampiga wapi, jua la saa kumi linamkuta upande gani, anataka kumwona nani akipita. Kibaraza kiligeuzwa kikatazama njia ya kisimani.

Ikabaki taarifa ya ukaguzi wa mwisho na sahihi. Hapo jalada likakwama miezi kumi na minne, rekodi ambayo idara yetu haijaivunja. Wenzetu walimtania Mama Mazengo kwamba ananikomoa. Mwisho akaandikiwa barua ya kujieleza, katika utumishi ambao haukuwa na barua kama hiyo. Alijibu kwa mstari mmoja: "Vipimo bado vinahitaji uhakiki." Mpaka leo wapo wanaodhani alikuwa mgumu, au mzembe.

Basi niseme ukweli kabla hajaondoka. Jalada halikukwama kwake. Lilikuwa kwenye droo yangu. Kila baada ya ukaguzi nilimwambia taarifa haionekani, itabidi apime tena, naye alikuja. Siku aliyokuja, mama alikuwa akivaa kitenge kizuri tangu mchana, anakula sahani nzima, wanabishana kuhusu alizeti mpaka jua linazama. Siku ambazo hakuja, mama alizungumzia kurudi Iguguno. Niliogopa kwamba kibali kikitoka, sababu ya kuja itaisha. Ile barua ya kujieleza niliisajili kwa mkono wangu, na nikanyamaza. Nakuomba radhi, Mama Mazengo, mbele ya wote.

Mama yangu alifariki Machi 2019, kwenye kiti chake, akiwa ametazama njia. Wiki tatu baada ya mazishi nilitoa jalada nikalipeleka kwa Mama Mazengo bila maelezo. Alilifungua. Taarifa zote saba zilikuwemo, kwa mwandiko wake, na vipimo vyote saba vilikuwa sawa mpaka sentimita ya mwisho. Ya saba ilikuwa na herufi ndogo pembeni: "Mgonjwa amependeza leo." Akaweka sahihi, akanirudishia jalada, akaniambia niende nikale.

Ahsante kwa miaka yote, Mama Mazengo. Kapumzike vizuri, afya iwe nawe. Na ukipita Unyambwa, kile kiti hatujakiondoa. Njoo, hata kama hakuna cha kukagua.