Achia Kitufe, Usikilize

Anwari, zima hiyo simu, na wewe Zuena acha kukunja na kukunjua kanga yangu kama unaiuza dukani. Kaeni hapa kitandani, mmoja huku na mwingine huku, maana pumzi iliyobaki ni ya kupimia. Mkitaka kugeuziana migongo, sawa, migongo hiyohiyo isikilize.

Mali haitanichukua muda. Nyumba hii ya Soweto, hapa Mbeya, na shamba la mpunga la Idodi tulivitolea jasho mimi na marehemu baba yenu, na shehe atawagawia kama dini inavyosema, na atakayeleta ubishi ajue hakuutoa kwangu. Sikuwaita kwa ajili ya matofali. Nimewaita kwa sababu tangu baba yenu, Hamza wangu, azikwe nyinyi hamsemeshani, kila mmoja ananitumia mimi, "mama mwambie mwanao," "mama mwambie huyo binti yako," nami nimebeba maneno yenu kutoka Iyunga kwa Anwari kwenda Iringa kwa Zuena na kurudi, nikiyapunguza makali njiani, na kazi hiyo naijua kuliko mtu yeyote mliyewahi kukutana naye. Sasa mbebaji anaondoka. Atabeba nani?

Nimesoma shule ya msingi tu, lakini kule Idodi, kabla ya hizi simu zenu za mkononi, mimi ndiye niliyekaa kwenye simu ya upepo ya ghala la mpunga, na vifo, harusi, malori yaliyokwama, watoto waliozaliwa Iringa mjini, vyote vilipita mkononi mwangu, vya Wahehe, vya Wasangu, vya Wanyakyusa waliofuata mchele, kila mmoja na Kiswahili chake. Chombo kile kilikuwa na adabu kuliko nyinyi. Ukibonyeza kitufe unasema, lakini husikii kitu, hata mwenzako alie. Mpaka uachie ndipo sauti yake ipate njia. Nami nikaweka sharti langu juu ya hilo: ujumbe haujafika mpaka aliyepokea aniambie kwa mdomo wake alichosikia. Bwana Sosthenes, msimamizi wetu, alinicheka, "Mama Anwari, umefungua darasa la kasuku?" Nikamjibu, "Kasuku anarudia asichoelewa, bosi. Wewe niambie umeelewa nini." Hakunitania tena, na wageni wakija alikuwa akiwaonyesha kiti changu.

Masika moja mto ulifurika, nikamwita Obeid aliyekuwa kwenye simu ya Mbeya, nikamwambia azuie lori letu lisiondoke. "Nimekupata mama, nimekupata," namsikia anatafuna. Nikamwambia, haya, nimesema nini? Akaniuliza, "Lori gani, mama?" Sauti yangu ilimfikia, maneno yakabaki hewani. Nikamwambia ameze kwanza, nikaanza upya mpaka akarudia yote, na lori likalala Mbeya. Dereva yule hadi leo akiniona ananiamkia ameinama.

Sasa wewe Anwari, mtoto wa mwanamke huyo huyo. Baba yako alikata roho alfajiri, ukaandika kwenye kundi la familia, ukaona poleni, poleni zinamiminika, ukadhani kila mtu amepata. Mimi nilikuwa ndani nimezungukwa na wanawake, nikauliza, "Zuena ameambiwa?" ukajibu, "Nimeshaweka kwenye kundi, mama." Dada yako alikuwa shambani Idodi, mahali ambapo simu inashika ukipanda kilimani. Ungempigia Faustina mwenye duka pale barabarani, angetuma bodaboda. Tukazika alasiri bila yeye, na kesho yake alipotoka shambani simu ikaanza kulia mfululizo, akasoma pole za watu kabla hajajua anapewa pole ya nini. Najua hukufanya kwa ubaya. Ulibonyeza, ukasema, ukaondoka zako. Hukungoja.

Usitikise kichwa, Zuena, zamu yako imefika. Wewe ulibonyeza siku ile ulipofika msibani, ukamwaga matusi mbele ya waombolezaji, na mpaka leo kidole hakijatoka. Kaka yako alikuja Iringa, akasimama mlangoni kwako mvua inamnyeshea, ukamjibu wewe mwenyewe kupitia dirishani kwamba hupo! Mtu anatangaza kwa sauti yake kwamba hayupo. Nilipoambiwa nilicheka, halafu chakula kikanishinda. Utasikiaje samahani ya mtu ambaye hujampa nafasi ya kuisema?

Na usilie. Kwenye simu ya upepo machozi na radi vilikuwa kitu kimoja, vinafunika maneno.

Msidhani nawaona wabaya. Najivuna, na nitakufa najivuna. Mteja akija kwa Anwari akasema gari inakohoa, Anwari anajua anataka kipuri gani. Bibi wa Kihehe asiyejua Kiswahili anatoka kliniki kwa Zuena ameelewa dawa zake anamezaje. Watu wote wanawaelewa. Mnashindwana nyinyi wawili tu, mliolala kitanda kimoja.

Nizikeni hapa Mbeya, karibu na baba yenu. Lakini jeneza lisitoke mlangoni mpaka aliye hapa amsikie kwa sikio lake aliye mbali akisema: nimesikia, mama amefariki, nakuja. Kundi la familia lifuate baadaye. Mkiniondoa kabla ya hapo, mjue nimeondoka nimenuna.

Zuena, nishushie kile kipaza sauti cha ile simu ya upepo, pale kwenye msumari. Sosthenes alinipa ghala lilipofungwa, mashine haipo, kimebaki waya na kitufe. Si mimi, mpe kaka yako. Mkononi, usimtupie.

Anwari, bonyeza. Mwambie ulichotaka kumwambia pale mlangoni, kwenye mvua. Kwa ufupi. Kisha achia, umpe. Zuena, utarudia kwanza ulichosikia... si unachodhani... ulichosikia. Ndipo ujibu.

Radhi zangu mnazo, wote, sawasawa. Mungu awape watoto wenye masikio makubwa... kuliko yenu. Nipeni maji... hapana, yaacheni. Kidole kwenye kitufe, mwanangu. Bonyeza.

Sema. Mimi nimeachia... nasikiliza.