Salamu za Kupanda

Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao lenye mguu mmoja wa tofali, juu kabisa ya mteremko, mbele ya ukuta ambao jua huufikia saa tatu na kuukimbia saa saba. Hapo Mama Birika anauza kahawa, na wanaume wanauza maneno. Kahawa huisha, maneno hayajawahi. Wa kudumu ni Kipara, kinyozi asiye na unywele hata wa dawa. Shoti, fundi umeme aliyerushwa na waya mara mbili na kurudi chini na akili zilezile. Na Faili, karani mstaafu, ambaye hasemi jambo bila kudai aliliona limeandikwa mahali. Wa nne ni Ndimu, fundi wa kufuli, mdogo wake Mama Birika, tumbo moja. Ukimtazama usoni, wa kwako unajikunja wenyewe.

Miaka thelathini Ndimu alipanda mteremko ule kwenda kwenye karakana yake bila kumpa mtu salamu. Sasa ilikuwa wiki ya sita anasalimia milangoni. Asubuhi hiyo alisimama mara saba, na ya saba ilikuwa kwenye nyumba ambayo wenyewe wamesafiri. Alishika fremu ya mlango, akaliambia kufuli hodi, akangoja kile kitu kimwachie. Kilikuwa kama mtu mnene amemkalia kifuani, halafu kinateremka mkono wa kushoto mpaka kwenye kiwiko. Alihesabu mpaka mia, kikanyanyuka. Mwezi uliopita alikuwa anasimama mara mbili tu.

Hayo aliyajua yeye na daktari wa hospitali ya kule chini, aliyempa vidonge na kadi yenye tarehe ya kurudi. Vidonge alimeza siku nne, akajiona mzima, akaacha. Tarehe ilipita ikiwa ndani ya droo ya funguo.

Akafika, akaketi, akawasha sigara ili mikono iwe na kazi.

— Umesalimia hata nyumba yenye kufuli, alisema Kipara. Nimekuona kwa macho yangu.

— Mimi fundi wa kufuli. Ulitaka nimsalimie nani?

Benchi likacheka mpaka tofali likasogea.

— Mimi nimeshamjua huyu, aliendelea Kipara. Anataka uenyekiti wa mtaa. Haba na haba hujaza kibaba. Leo salamu, kesho kura.

— Uenyekiti gani na sura hiyo? alidakia Shoti. Mwenzenu anaoa! Nyumba ya nne kuna mjane, na ndipo anaposimama mpaka miguu inaota mizizi. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Nyumba ya nne ndipo mteremko unapokuwa wima kama ngazi. Mjane mwenyewe Ndimu hakujua hata kama ni mrefu au mfupi.

— Kwani kuoa dhambi? alisema. Uongo wa watu aliuona mwepesi kuubeba kuliko ukweli wake.

— Kura, ndoa, hayo ni mambo ya watoto, alisema Faili, akasafisha koo. Niliwahi kuliona limeandikwa. Mtu mkali akiwa mpole ghafla, ujue si yeye. Ndimu ana pacha. Wamebadilishana. Wa kwetu yuko mji mwingine, anawanunia watu wa huko.

— Pacha! alisema Kipara. Mama Birika, hebu tuambie, mama yenu alimzaa huyu na nani?

— Alimzaa huyu peke yake, akasema jamani inatosha.

Mama Birika hakucheka. Alikuwa anamtazama mdogo wake kwenye paji la uso. Asubuhi ya baridi, watu wamevaa masweta, na jasho linamchuruzika kama aliyetoka kubeba magunia.

— Dalili ya mvua ni mawingu, alisema Shoti. Jasho hilo ni la mapenzi.

Hapo akaja mwanamke mshonaji, aliyehamia nyumba ya tatu wiki mbili tu nyuma, na chupa yake ya kahawa mkononi. Alikuwa amesikia yote akipanda, maana kijiwe hakinong'oni.

— Samahani, wazee wangu. Mimi mgeni, na kuuliza si ujinga. Cherehani yangu iko dirishani. Asubuhi kaka huyu akipanda, ananiuliza mpaka hali ya mbuzi niliyemwacha kwetu. Jioni mbona akiteremka hasalimii mtu?

Faili alitafuta lilikoandikwa hilo, hakuliona. Shoti akautazama mteremko, akamtazama Ndimu, akautazama tena mteremko, na kwa mara ya kwanza maishani mwake waya zikagusana vizuri.

— Ndimu, alisema Mama Birika. Umeulizwa.

Ndimu akaitazama sigara yake.

— Kuteremka hakuniumi, alisema.

Basi akawaeleza: kifua, mkono, kuhesabu mpaka mia, leo kusimama mara saba, na daktari wa kule chini.

— Gesi hiyo! alisema Kipara. Kunywa maji ya moto, utoe—

— Wewe nyoa watu, alisema Mama Birika. Ndimu, daktari alisemaje?

— Mshipa unaolisha moyo umeziba nusu. Vidonge kila siku, maumivu yawepo yasiwepo. Sigara basi. Chumvi na mafuta nipunguze. Na nirudi wapitishe waya hapa — aligusa kifundo cha mkono — mpaka kwenye moyo, wapanue palipoziba.

— Na wewe hukurudi.

— Dada, nimefungua makufuli kwa waya miaka thelathini. Ukikukatikia ndani, hilo kufuli ni la kutupa.

— Umekukatikia mara ngapi?

Ndimu akafikiri. Kwenye kazi yake hakuwa mwongo.

— Mara tatu.

— Katika makufuli mangapi?

— Maelfu. Nani anahesabu?

— Na watu bado wanakuletea?

— Watafanyaje, na mlango umefungwa?

Mama Birika akalifunika birika. Kahawa ilikuwa haijafika hata nusu.

— Umejijibu mwenyewe. Kinyozi hajinyoi, na fundi wa kufuli hajifungui. Nyanyuka.

— Nitakwenda kesho.

— Jana ulisimama mara ngapi?

— Sita.

— Leo saba. Hiyo kesho unataka kuipandia kwa miguu ya nani? Nyanyuka, mtoto wa mama.

Kipara akamtoa sigara vidoleni, akaizima kwenye tofali. Faili akaenda karakana kuitafuta kadi ya hospitali kwenye droo ya funguo, Ndimu alikomwelekeza. Safari hii kulikuwa na kitu kweli kimeandikwa mahali. Shoti akatangulia mbio kwenda kusimamisha teksi kule chini, maana juu hazipandi.

Ndimu akaanza kuteremka, dada yake ubavuni. Kifua kilikuwa kimetulia. Lakini alipofika kwenye nyumba ya wasafiri akasimama.

— Kinauma? aliuliza Mama Birika, na sauti yake, kwa mara ya kwanza siku hiyo, haikuwa na makali.

— Hapana.

Akaligonga kufuli kwa kidole, mara moja, kama watu wa kazi moja wanavyoagana. Kisha akashuka mlango kwa mlango, akibisha. Kwenye mlango wa nne akatoka mjane, mkono una povu la sabuni.

— Leo hata kuteremka unasalimia? Kuna nini?

— Nakwenda kufunguliwa moyo, alisema Ndimu. Salamu zenu nimezimaliza. Nikirudi nitapita kimya. Mkiniona napanda nimenuna, jueni nimepona.